Nyika Ilipoteremka Pwani

Kwa mtu wa Mombasa, nyika iko bara. Ni kule nyuma ya vilima vya Rabai, penye miiba na udongo mwekundu, ambako upepo wa bahari haufiki. Wazee wetu walipotaka kusema fulani hajui maji ya chumvi, walisema katoka nyika, na hawakuwa wakimsifu. Kwa hiyo siku niliyosikia kwamba mashindano ya dunia ya mbio za nyika yataletwa hapa kisiwani, tena kwenye majani ya klabu ya gofu, hatua chache kutoka baharini, nilidhani ni mzaha wa barazani.

Haukuwa mzaha. Jumamosi ya tarehe 24 Machi 2007, wakimbiaji wa nyika kutoka pembe zote za dunia walipanga mstari kwenye uwanja wa Mombasa Golf Club, kando ya barabara ya Mama Ngina, pale ambapo meli za makontena zinazoingia Kilindini hupita karibu hata ukasoma majina yake bila miwani. Yalikuwa mashindano ya 35 tangu shirikisho la riadha la dunia, wakati huo likiitwa IAAF, liyachukue mikononi mwake, na ya kwanza kufanyika Afrika Mashariki. Machi 2027 itatimia miaka 20. Mji huu hukumbuka mambo mengi: Wareno, Mazrui, mizinga ya Ngome. Siku ile imeachiwa mashabiki wa riadha peke yao, na mashabiki wa riadha huku kwetu hawajazi hata baraza moja la Kibokoni. Sisi ni watu wa mpira.

Mashindano yenyewe yalizaliwa madogo, na mbali. Mwaka 1903, katika uwanja wa mbio za farasi wa Hamilton Park karibu na Glasgow, walikutana wakimbiaji wa England, Scotland, Wales na Ireland, majirani wanne waliojiita wa kimataifa bila kuona haya. Alishinda Mwingereza Alfred Shrubb. Wafaransa wakaingia miaka 4 baadaye, na kwa miongo kadhaa ukabaki mchezo wa majira ya baridi ya Ulaya: matope, mashamba yaliyolimwa, mitaro ya kuruka, pua zinazotoka makamasi. IAAF iliyachukua mwaka 1973, na mashindano ya kwanza chini ya jina la dunia yakafanyika Waregem, Ubelgiji. Bingwa alikuwa Pekka Päivärinta wa Ufini. Ukitazama orodha ya washindi wa miaka ile ya mwanzo, humwoni hata mmoja aliyezaliwa kusini ya Sahara.

Kisha ukaja mwaka 1981, Madrid. Waethiopia waliingia uwanjani kama kundi moja, wakashika mbele, wakaanza kukata mbio za mwisho huku wengine wakiachwa nyuma kabisa. Walikuwa wamehesabu vibaya mizunguko. Ulikuwa umebaki mmoja mzima! Wakapunguza mwendo wakidhani wamemaliza, wakashtuka kuwaona wenzao wanawapita, wakaanza tena kufukuza. Dhahabu ikaenda kwa Mmarekani Craig Virgin, ingawa Ethiopia ilitwaa ushindi wa timu vilevile, pamoja na kosa lote hilo. Ulaya ilielewa siku ile kwamba mchezo umepata wenyewe wapya, na kwamba wenyewe hao hawajaanza hata kuhesabu sawasawa.

Kenya ilichukua zamu mwaka 1986 huko Neuchâtel, Uswisi. John Ngugi alishinda, akaendelea kushinda hadi akawa na mataji 5, na timu ya wanaume ya Kenya ikaanza mfululizo ambao haukukatika kwa miaka 18. Kuanzia 1986 hadi 2003, kila Machi, timu zote za dunia zilikwenda kugombea nafasi ya pili. Paul Tergat naye akachukua mataji 5 mfululizo, 1995 hadi 1999. Kwa wanawake mlango ulifunguka baadaye, Helen Chepngeno alipokuwa bingwa Budapest mwaka 1994.

Watu hutafuta siri ya mambo haya kwenye mwinuko wa ardhi, kwenye ugali, kwenye watoto wanaokwenda shule kwa miguu. Mimi naitafuta kwenye mchujo.

Aliyepata kukamua tui ananielewa. Nazi imekunwa kwenye mbuzi, imetiwa maji kidogo, imewekwa kwenye kifumbu, ikakamuliwa: linalotoka kwanza ni kasimile, zito, jeupe, la kuwekwa kando kwa ajili ya kumalizia mchuzi. Ukaongeza maji, ukakamua tena, likatoka tui la pili, jepesi, la kuchemshia. Yanayobaki ni machicha, na machicha huenda kwa kuku. Sasa, machicha ya Kenya katika mbio za nyika, nchi nyingine ingeyapikia wali wa harusi.

Kwa miaka mingi njia ilikuwa hivi. Mkimbiaji alianza nyumbani, kwenye mashindano ya wilaya na mkoa; siku hizi tunasema kaunti. Walioajiriwa katika majeshi, polisi na magereza walikuwa na mchujo wao wenyewe, mkali usiopungua wa mikoa. Wote hao wakakutana siku moja kwenye mbio za kitaifa, ambazo kwa muda mrefu zilifanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Hapo hakuna cheo. Mwenye medali ya Olimpiki anapanga mstari mmoja na kijana wa Marakwet aliyeazima viatu. Wanaofika mwanzo wanachukuliwa moja kwa moja. Nafasi chache za mwisho huachiwa wateuzi, na hapo ndipo manung'uniko huanza kila mwaka, kwa sababu aliyekuja wa nane atauliza kwa nini wa kumi na mbili kapanda ndege. Waliopita hupelekwa kambini. Kambi iliyojenga jina ni Chuo cha Ualimu cha Kigari, Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Huko kocha Mike Kosgei aliwafua vijana mara 3 kwa siku, na wapo waliosema kwamba Kigari palikuwa pagumu kuliko mashindano yenyewe. Mtu aliyetoka kambini akiwa mzima alikwenda Ulaya kupumzika.

Niliwahi kulinganisha mchujo huu na ule wa Ironman, mashindano ya masafa marefu ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, ambayo fainali yake ya dunia imepata umaarufu Kona, Hawaii. Hayo nayo yalizaliwa madogo: Februari 1978, Honolulu, watu 15 walianza, 12 wakamaliza, na Gordon Haller akashinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Kuogelea kilomita 3.86, baiskeli kilomita 180, halafu marathoni nzima. Aliyekuwa wa pili, John Dunbar, aliishiwa maji njiani, na wasaidizi wake wakampa bia. Leo mtu wa kawaida anayetaka kufika fainali lazima kwanza afanye vizuri katika mojawapo ya mbio nyingi za kufuzu zinazofanyika duniani. Kwa miaka mingi nafasi ziligawanywa kwa rika, hivyo mzee wa miaka 60 alishindana na wazee wenzake. Ukishinda nafasi unaulizwa palepale: unaichukua au huichukui? Ukiichukua, unatoa kadi ya benki na kulipa ada inayozidi dola 1,000. Ukikataa, nafasi inateremka kwa aliyekufuata, na akikataa naye, inateremka tena. Mtu anaweza kwenda Kona kwa sababu watatu waliokuwa mbele yake walikosa nauli au ruhusa ya kazini.

Sidharau. Ni ungwana wa aina yake kumpa mzee wa miaka 60 mahali pa kushindana. Lakini bei ya baiskeli moja ya mchezo huo hununua bodaboda kadhaa, na ndipo unapoona kwa nini watu wetu walijaa kwenye nyika na si kule. Mbio za nyika hazikuuzii nafasi wala hazikupi ya rika lako. Mkubwa ni mkubwa, chipukizi ni chipukizi. Na mlango ukikubania Kenya, kuna njia moja tu, nayo ni kuhama. Mwaka 2003 Stephen Cherono alihamia Qatar, akawa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mitaa ya Bara ilipiga kelele kama imeibiwa. Mji wa Kale haukushtuka sana. Sisi tumesafirisha watu Ghuba tangu enzi za majahazi, wakaenda na kusi, na wengine hawakurudi na kaskazi.

Nirudi Machi 2007. Aliyepanga mbio za nyika Mombasa mwishoni mwa kaskazi ama hakuijua Mombasa au aliijua mno. Mwezi ule upepo unalegea, masika bado, na hewa inakaa kama shuka mbichi. Nguo uliyoanika asubuhi jioni bado ina unyevu. Mwili nao ni hivyohivyo: jasho linatoka lakini halikauki, linatiririka tu, na jasho lisilokauka halipozi damu. Mtu aliyetoka Iten, mita 2,400 juu ya bahari, ambako asubuhi huvaa sweta mbili, hujiona ana pumzi za ziada anapofika chini kwetu. Hizo pumzi humdanganya. Anakwenda kwa kasi ya mlimani na mwili unachemka bila yeye kujua.

Nilisimama upande wa mibuyu ya Mama Ngina pamoja na binamu zangu wawili na umati ambao sijauona tena sehemu ile, hata siku za Idi. Walikuja kwa feri kutoka Likoni, kwa matatu kutoka Kisauni na Changamwe, wengine kwa mabasi ya usiku kutoka Eldoret. Hao wa Eldoret uliwajua kwa jinsi walivyokuwa wanajipepea na programu za mashindano.

Mwaka ule mbio fupi za kilomita 4, zilizoongezwa mwishoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa zimefutwa, na mambo yote yakarudi kuwa ya siku moja: wasichana kilomita 6, wavulana 8, wanawake 8, wanaume 12. Chipukizi wa Kenya hawakuacha kitu. Linet Masai alishinda upande wa wasichana, na nyuma yake Wakenya wengine wawili. Upande wa wavulana Asbel Kiprop, mrefu kama mnazi, alifika wa kwanza, Vincent Chepkok wa pili, Mathew Kisorio wa tatu, Leonard Komon wa nne.

Hesabu ya timu inawachanganya wengi, lakini mcheza dhumna haimsumbui: anayebaki na nukta nyingi ndiye aliyefungwa. Kila mkimbiaji hubeba nukta kwa nafasi aliyofika, wa kwanza 1, wa pili 2, na timu yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Wavulana wale walihesabiwa wanne: 1 na 2 na 3 na 4. Kumi. Chini ya hapo hakuna, hata akishuka malaika. Jamaa mmoja karibu nami, fundi wa boti kwa sura ya mikono yake, alifanya hesabu ile kwa vidole, akaviangalia, akafanya tena, kisha akamwambia mwenzake, "Bwana, hawa wametoka na mkono mtupu."

Halafu wakaja wanawake, na furaha ikapata donge kooni. Aliyekwenda mbele na kubaki mbele alikuwa Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Keiyo, mwenye kambi ya mazoezi Iten. Jezi yake ilikuwa ya rangi ya machungwa: alikuwa amechukua uraia wa Uholanzi mwaka 2003. Alimaliza kwa dakika 26 na sekunde 23, sekunde 24 mbele ya Tirunesh Dibaba wa Ethiopia, na Meselech Melkamu, Mwethiopia pia, akawa wa tatu. Ethiopia ikachukua timu. Umati ulimshangilia Lornah kana kwamba Uholanzi ni kaunti. Ulipopigwa wimbo wa taifa usio wetu, watu walitazamana. Binti mmoja nyuma yangu akauliza, "Sasa huyu ni wetu au si wetu?" Mama yake akamjibu, "Mtoto wa mtu akiolewa mbali haachi kuwa mtoto." Alisema hivyo na hakuonekana kuridhika na jibu lake mwenyewe.

Wanaume walikuja mwisho, jua limeanza kuelekea Likoni lakini joto halijasogea. Watu wote walikuwa na jina moja kinywani: Kenenisa Bekele. Tangu 2002 Mwethiopia huyu alikuwa ameshinda mbio fupi na mbio ndefu zote mbili, kila mwaka, miaka 5 mfululizo. Mataji 10. Mfululizo wa miaka 18 wa timu ya Kenya ulikuwa umekatikia Brussels mwaka 2004, na aliyeshika mkasi alikuwa yeye. Kuja kumfunga nyumbani kwetu, ndiyo ilikuwa shabaha.

Aliyemfunga hakuwa Mkenya. Zersenay Tadese wa Eritrea alianza maisha ya michezo juu ya baiskeli, kama vijana wengi wa Asmara, ambako Wataliano waliacha barabara na mapenzi ya mbio za baiskeli. Kukimbia kulikuja baadaye. Mwaka 2004 aliiletea nchi yake medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 10,000. Pale Mombasa alikimbia kama mtu anayepanda mlima kwa gia moja, bila kubadilisha. Waliobaki naye walipungua mmoja mmoja mpaka akabaki Bekele. Halafu Tadese akakaza. Mabega ya Bekele, ambayo siku zote hutulia kama trei ya mtu anayebeba vikombe vya kahawa, yakaanza kucheza. Katika mzunguko wa mwisho alipunguza, akapunguza tena, akatoka njiani.

Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Nami nilishangilia, sitajificha. Ilidumu labda nusu dakika, kisha nikamwona mtu yule amesimama kando ya kamba, mikono kiunoni, mdomo wazi, akitafuta hewa ambayo haikuwepo, na sauti yangu ikanikatikia kooni. Waandishi wa nje walitulaumu kwa kelele zile, na kwa hili naona walikuwa na haki. Umati uliotoka kumpokea Lornah kwa moyo mkunjufu, saa moja haikupita, ukamfurahia mgeni mgonjwa. Tadese alimaliza kwa dakika 35 na sekunde 50, akiwa bingwa wa kwanza wa Eritrea katika mashindano haya. Moses Mosop alikuwa wa pili, sekunde 23 nyuma, na Bernard Kipyego wa tatu. Kenya ikachukua timu ya wanaume. Wapo walioshindwa kumaliza kwa ajili ya joto, wengine wakifika mwisho wamelegea, wakipokewa kwa maji na barafu. Siku ile ndipo nilipoona kwamba mchujo haukuishia Ngong wala Kigari. Ulikuwepo mwingine ambao haumo katika kanuni zozote, na kamati yake ilikuwa bahari.

Bekele alirudi mwaka uliofuata Edinburgh, akashinda. Kiprop alipewa dhahabu ya mita 1,500 ya Olimpiki ya Beijing 2008 baada ya aliyemtangulia kunyang'anywa, na miaka kadhaa baadaye naye akafungiwa kwa dawa za kuongeza nguvu. Masai alikuwa bingwa wa dunia wa mita 10,000 Berlin 2009. Mashindano yenyewe yalipungua baada ya 2011, yakawa ya kila miaka miwili, kwa sababu Ulaya, iliyoyaanzisha, ilichoka kushindwa nayo ikaacha kuleta timu kamili. Sijui neno la adabu zaidi la kulisema jambo hilo.

Afrika Mashariki iliyapokea tena mwaka 2017, Kampala, uwanja wa Kololo. Mwana wa Uganda, Joshua Cheptegei, alikimbia mbele ya watu wake akiwa peke yake, mji mzima ukimsukuma kwa sauti, mpaka mzunguko wa mwisho miguu ilipomkatalia. Alipitwa na Geoffrey Kamworor wa Kenya, kisha na wengine wengi, akamaliza wa 30 huku akipepesuka kama mlevi. Nilitazama kwenye televisheni ya mkahawa mmoja karibu na Mlango wa Papa. Hakuna aliyeshangilia. Mzee aliyekaa karibu nami aliweka kikombe chini, akasema, "Kama yule wa gofu." Cheptegei alilipiza Aarhus miaka 2 baadaye.

Siku hizi nikipita Mama Ngina jioni, watu wamejaa kwenye kuta za bahari, mihogo ya kukaanga imepakwa pilipili na ndimu, watoto wanafukuzana, na ng'ambo ya barabara majani ya gofu yamekatwa sawa kama ndevu za bwana harusi. Muuza madafu mmoja yupo pale tangu enzi zile. Nilimuuliza kama anaikumbuka ile siku ya mbio za dunia.

"Naikumbuka, vipi nisiikumbuke," akasema, huku akilizungusha dafu kiganjani na kulikata kwa mapigo matatu. "Wanaume walipoanza kukimbia nilikuwa sina hata moja. Nilikaa nikauza maji ya bomba."

"Na nani alishinda?"

Akafikiri kidogo, akanipa dafu langu.

"Aa, hilo mimi silijui, ndugu yangu. Nilikuwa nakwenda kuchota."